Tupeane uzoefu: umemwita mtaalamu akupangie bustani upya, kazi huharibikia wapi?

Jembe Kongwe
Wadau, leo nimeona bustani ambayo haijafikisha hata miezi minane tangu ikabidhiwe, inachimbuliwa yote. Nyasi zimeoza, pevingi (vitofali vya kutandika sakafu ya nje) zimezama kwenye kona, na mwenye nyumba anatafuta mtaalamu mwingine. Kosa halikuwa kwenye mimea hata kidogo. Mchoro ulikuwa na rangi, majina ya maua, hadi benchi chini ya mti, lakini haukuwa na namba hata moja ya kimo cha ardhi, wala mshale wa kuonyesha maji yanaelekea wapi.

Tupeane uzoefu, na wenye kazi zao waseme kwa vipimo. Naanza na mteremko. Chukua vigingi viwili, uzi, pima maji (kile kifaa cha kusawazishia) na futi kamba. Kigingi kimoja kikae ukutani mwa nyumba, kingine umbali wa mita 3, uzi ulale sawasawa, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi udongoni pande zote mbili. Upande wa mbali unatakiwa uwe chini kwa sm 15 hivi. Kwenye sakafu ngumu, sm 2 kwa kila mita zinatosha. Ukikuta hakuna tofauti, au udongo unainamia nyumba, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Maua yasubiri.

Chipukizi
Hapo kwenye mshale wa maji umemaliza.

Mama Mboji
Usiishie juu, shuka chini pia. Chimba shimo la sm 30 kila upande na kina sm 30. Lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha jaza tena ndipo uanze kupima kwa rula kila saa. Ule mjazo wa kwanza usiuhesabu, kwa sababu udongo mkavu hunywa maji kwa pupa na utakudanganya. Maji yakishuka sm 2.5 hadi 5 kwa saa, uko salama kwa mimea mingi. Yakishuka chini ya sm 1, pana mfinyanzi au pameshindiliwa, na mti usiovumilia maji yaliyotuama utakufa taratibu huku watu wakiuongezea maji wakidhani una kiu.

Rudieni shimo hilo sehemu tatu au nne za kiwanja. Pale mafundi walipokuwa wakikorogea zege ni pa kuangalia sana. Ukichimba hapo utapita sm 10 za udongo mzuri mweusi, halafu koleo linagonga tabaka jeupe gumu lenye vipande vya saruji. Udongo ule mzuri ulimwagwa kufunika. Ukipanda juu yake, majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu saruji imeumaliza uchachu wa udongo, na mmea hauwezi kuchukua madini ya chuma. Mbolea haitibu hilo. Tabaka linang'olewa na kutolewa nje.

Fundi Mchanga
Mfinyanzi dawa yake ni mchanga. Lori moja, unachanganya, kazi imekwisha.

Mama Mboji
Hapana, kaka, hapo unawapoteza watu. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unakaza, na ukikauka unapata kitu kama tofali. Ili uubadilishe kweli, mchanga unatakiwa ufikie nusu ya udongo wote au zaidi. Eneo la mita za mraba 50, kina sm 20, lina mita za ujazo 10 za udongo. Utaleta mita nyingine 10 za mchanga? Kiwanja kitapanda juu kiasi gani? Weka mboji sm 5 hadi 7, uichanganye kwenye sm 15 hadi 20 za juu. Kwa mita za mraba 50, sm 5 za mboji ni mita za ujazo 2.5. Piga hesabu hiyo mwenyewe kabla hujaletewa karatasi ya gharama.

Fundi Mchanga
Mbona viwanja vya mpira wanatumia mchanga na vinanyonya vizuri tu?

Jembe Kongwe
Viwanja hivyo vya mchanga havikuchanganywa lori moja na mfinyanzi, mkuu. Udongo wa asili huondolewa, mabomba yakalazwa, kokoto juu yake, kisha tabaka zima la mchanga. Huo ni ujenzi mwingine kabisa.

Mzee wa Mtaro
Mmetaja maji, mmenikumbusha ukuta. Niwaeleze ulivyokuwa, maana kosa hili linarudiwa kuliko yote.

Ni ukuta wa kuzuia udongo, wa matofali ya zege, urefu mita 11, kimo mita 1.6, uliojengwa kukata mteremko ili bustani ipate ngazi mbili. Kwa mbele ulipendeza: umepigwa lipu, juu umewekewa mawe bapa. Nyuma yake walirudishia mfinyanzi uleule uliochimbwa, kwa makoleo, bila kushindilia. Hapakuwa na kokoto, bomba wala tundu. Ngazi ya juu wakapanda nyasi na kuweka mabomba ya kumwagilia kila siku.

Kilichoangusha ukuta ule ni maji. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, na yakikosa njia hujikusanya nyuma na kusukuma, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo msukumo unavyokuwa mkali. Dalili zilikuwepo wiki kadhaa. Kwanza lipu ilitoa unga mweupe wa chumvi, kama sm 40 kutoka chini. Kisha ukatokea ufa, na haukuwa wa wima, ulilala, kwenye theluthi ya chini. Halafu ukuta ukaota tumbo: ukivuta uzi kutoka ncha hadi ncha, katikati palitokeza sm 4. Walichofanya ni kuziba ule ufa kwa saruji, yaani waliziba mahali pekee ambapo maji yalikuwa yanapata kupenya. Mvua ya usiku mmoja ikatosha. Asubuhi mita 7 za ukuta zilikuwa zimelala kwenye bustani ya chini, juu ya benchi la zege, na benchi limekatika katikati. Ndipo watu walipokuwa wakikaa jioni.

Unavyotakiwa kujengwa: mstari wa kwanza wa matofali uzame ardhini angalau sm 15. Nyuma jaza kokoto safi zisizo na vumbi, upana sm 30, toka chini hadi karibu na juu. Chini kabisa laza bomba lenye matundu la milimita 100, literemke sm 1 kwa kila mita, na mdomo wake utokee mahali pa wazi unapopaona. Kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchujia, la sivyo matope yataziba kokoto zote. Sm 20 za juu funika kwa udongo ili maji ya mvua yasizame moja kwa moja nyuma ya ukuta. Acha matundu usoni kila mita 1.5 hadi 2. Kurudishia ni kwa matabaka ya sm 15 hadi 20, kila moja linashindiliwa, na mashine nzito isisogee ndani ya mita 1 kutoka ukutani. Kimo kikizidi mita 1.2, aitwe mhandisi. Hapo si kazi ya mpanga maua tena, hata awe hodari namna gani.

Kivuli
Mungu mkubwa. Kuna aliyeumia?

Mzee wa Mtaro
Hapana. Ulianguka watu wamelala.

Kivuli
Na uliokwisha kujengwa bila matundu, unaokolewaje?

Fundi Mchanga
Toboa matundu kwa chini, maji yatoke. Siku moja tu.

Mzee wa Mtaro
Kama ukuta bado umenyooka kwa timazi, sawa, toboa sm 15 juu ya ardhi, kila mita 1.5, na uweke kichujio nyuma ya kila tundu ili udongo usitoke na maji. Lakini ukishaota tumbo usiuguse na mashine ya kutobolea. Zuia watu kukaa chini yake, zima umwagiliaji wa juu, na punguza udongo wa nyuma kuanzia juu kwenda chini. Fundi Mchanga, mtikisiko wa drili kwenye ukuta uliopasuka unaweza kuumaliza na wewe uko mbele yake. Usishauri watu hivyo.

Fundi Mchanga
Sikusema ukuta wenye tumbo. Nimekuelewa lakini.

Chipukizi
Naomba turudi kwenye kumwajiri mtu. Malipo yanapangwaje?

Dada Mkataba
Mchoro ulipwe kando na ujenzi, na ubaki mali yako hata mkiachana. Kwenye ujenzi, asilimia 10 hadi 20 za kuanzia zinatosha. Zinazofuata zifungwe kwenye hatua inayoonekana kwa macho: ardhi imesawazishwa na mteremko umepimwa, mabomba yamelazwa na kujaribiwa kabla hayajafukiwa, sakafu imekamilika, mimea iko ardhini. Asilimia 5 hadi 10 za mwisho zibaki mpaka bustani ipigwe na mvua kubwa angalau moja. Usilipe kwa tarehe. Tarehe hufika hata kama kazi haijafika.

Orodha ya mimea iwe na jina la kisayansi, idadi na ukubwa wa chombo kwa lita. Jina la asumini hupewa mimea mingi isiyo hata ya ukoo mmoja, na mingine ina sumu. Pia andikeni upana wa mmea ukikomaa. Kichaka cha kufikia mita 2 kikipandwa sm 60 kutoka ukutani, mwaka wa kwanza kinapendeza, mwaka wa tatu unakikata kila mwezi.

Kokoto Tatu
Kuhusu pevingi zilizozama kona alizosema Jembe Kongwe: angalieni kama bomba la paa linamwagia hapo. Mara nyingi ndipo. Maji yanahamisha mchanga wa chini kidogo kidogo. Kwa njia ya miguu weka kokoto zenye vumbi lake sm 10 hadi 15, kwa mahali pa gari sm 20 au zaidi, na zishindiliwe kwa matabaka ya sm 7 au 8. Ukimwaga sm 15 zote kwa mara moja, mashine inakaza juu, chini panabaki pamelegea. Mchanga wa kulazia ni sm 2.5 hadi 3 tu, sawa kila mahali. Fundi akitumia mchanga kufukia mabonde ya tabaka la kokoto, bonde lile litajirudia juu baada ya muda. Na pembeni lazima pawe na kingo zilizofungwa kwa zege, kwani zisipokuwepo mistari ya pembeni inatembea na mingine inafuata.

Kivuli
Kitambaa cha kuzuia magugu chini ya matandazo (majani makavu au magome ya kufunikia udongo), mnashauri?

Kokoto Tatu
Weka. Magugu hayapiti.

Mama Mboji
Chini ya kokoto za njia, sawa. Kwenye vitanda vya maua, hapana. Matandazo yakioza juu ya kitambaa yanakuwa udongo, magugu yanaota juu yake, na mizizi yake inafuma kwenye kitambaa. Ukilivuta gugu unainua kitambaa na mmea wako pamoja. Matandazo sm 5 hadi 8 yanatosha, yasiguse shina. Acha duara la sm 10 wazi.

Kokoto Tatu
Nimeona vitanda vyenye kitambaa visivyo na gugu hata moja.

Mama Mboji
Vina umri gani? Vingi vinaonekana safi mwaka wa kwanza na wa pili. Rudi baadaye.

Pimamaji
Umwagiliaji wa matone haujaguswa, na ndipo watu hulipia mabomba yasiyofika mwisho. Kabla ya kununua chochote, chukua ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa sekunde 60, unapata lita 1,200 kwa saa. Panga kutumia robo tatu tu, lita 900. Vitoa matone vya lita 2 kwa saa visizidi 450 kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, gawanya kwa valvu mbili. Nyasi ziwe na valvu yake, vichaka vyake, kwa sababu kiu yao si moja. Mwanzoni mwa mstari: kichujio kwanza, kisha kipunguza presha hadi bar 1 au 1.5. Ukikosa kichujio, vitoa matone vinaziba kimoja kimoja na utajua mmea ukishakauka. Mwisho wa kila mstari wekeni kizibo kinachofunguka, kifunguliwe mara kwa mara uchafu utoke.

Jembe Kongwe
Niongeze mti uliokuwepo kabla. Usikubali waongeze udongo kwenye shina lake ili "kusawazisha". Mizizi mingi ya kunyonya iko karibu na juu na inahitaji hewa. Mti unaweza kuchukua miaka kadhaa kufa, na hapo hakuna atakayekumbuka lile lori la udongo. Na mti mpya: shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, kina kisizidi donge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi.

Chipukizi
Lori nalo lipite wapi?

Mzee wa Mtaro
Swali zuri kuliko unavyodhani. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina kama tani moja na nusu, hapo hujahesabu gari lenyewe. Kabla halijaingia, weka alama ya chokaa juu ya shimo la maji taka, chemba na njia ya mabomba, na umwonyeshe dereva wewe mwenyewe.

Pimamaji
Na mabomba mapya, kabla hayajafukiwa, yafungulie maji kwa presha kamili mitaro ikiwa wazi, ukague kila kiungo kwa mkono mkavu. Kisha piga picha kila mtaro ukiwa umelaza futi kamba kutoka kona ya nyumba, namba zisomeke. Siku mtu atakapokuja kuchimba shimo la mti, utajua bomba liko sm ngapi kutoka ukutani.