Tupeane uzoefu: kutembea mdogo mdogo na rafiki kumekusaidia nini?

Mama Igoma: Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Capri Point hapa Mwanza nikakuta wamama wawili wanatembea zao taratibu, khanga kiunoni, wanapiga umbea hawana habari na mtu, nikamkumbuka shoga yangu aliyehamia Kahama. Mimi nilipimwa presha ikasoma 160 kwa 100, dokta akanipa vidonge akasema na kutembea utembee mama. Sasa peke yangu nilikuwa naenda kidogo tu nageuza, naona njia haiishi. Shoga akasema twende wote, basi jioni tukishafunga genge tunatoka Igoma ananisimulia mambo ya mawifi zake, nikija kushtuka stendi ya Buzuruga hii hapa, tunarudi na daladala. Presha imeshuka, vidonge bado nameza maana dokta kanikataza kuacha, ila kilichonifurahisha ni usingizi, nilikuwa silali kabisa. Nyie wenzangu mmeona nini?

kamanga_boy: Kwenye usingizi umesema kweli tupu.

Rock City Mkali: Mnapoteza muda wakuu. Mwendo wa kupiga stori sio mazoezi. Panda kilima cha Isamilo mbio mbio, jasho likutoke, hatua 10,000 kila siku, bila hivyo usitegemee kitu.

Konda Mstaafu: Mkuu punguza jazba. Hizo hatua 10,000 zimetoka Japani miaka ya 1960, kuna kampuni ilikuwa inauza kamashine ka kuvaa kiunoni ka kuhesabu hatua, ndo namba ikaganda vichwani mwa watu mpaka leo. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mwendo wa wastani ni ule ambao kuongea unaweza ila kuimba pumzi inagoma, kwa hiyo stori ndo kipimo chenyewe. Halafu kuna hii inanigusa mwenyewe maana nimening'inia mlango wa daladala ujana wangu wote. Daktari mmoja anaitwa Jerry Morris alifuatilia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa, akatoa majibu 1953: madereva wa kukaa kwenye usukani siku nzima walikuwa wanaugua moyo kuliko makonda waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Basi lile lile, barabara ile ile! Mimi dereva niliyefanya naye kazi leo miguu inamvimba, moyo na figo wamempima wamesema viko salama, amekaa sana tu. Asubuhi namfuata kwake tunazunguka Furahisha pole pole, vigimbi vikifanya kazi vinasukuma damu irudi juu, na viatu sasa hivi vinamuingia.

Rock City Mkali: Miguu kuvimba ni chumvi hiyo. Mwambie apunguze dagaa.

Konda Mstaafu: Dagaa wamekukosea nini tena? Wetu hawa wa ziwani wanaanikwa juani hivi hivi bila chumvi, au wewe umezaliwa wapi?

Mtoto wa Mwaloni: Dagaa muwaache jamani, ndo ada za watoto wetu hizo.

Binti Sengerema: Mada hii imenitoa machozi. Mimi na mwenzangu wa kazini tunatembea asubuhi kutoka Kirumba mpaka Capri Point, yeye ana kisukari anachoma insulini. Siku hiyo kumbe kuna mtu alimwambia ukitembea tumbo tupu mafuta yanayeyuka haraka, kachoma sindano yake chai hajagusa. Tunakaribia Jiwe la Bismarck ananisimulia habari ya mwenye nyumba wake, mara stori ikaanza kukatika katika, ananijibu kitu ambacho sijamuuliza, halafu akaniita mama. Mama yake alishafariki. Nikamgeukia namuona jasho linamtiririka wakati upepo wa ziwani unapuliza na mimi nimevaa sweta. Mikono inatetemeka, akakaa chini pembeni ya barabara. Bodaboda kapita kapunguza mwendo akasema dada mpeleke kwao huyo kalewa asubuhi yote hii

kamanga_boy: Weee! Ikawaje?

Mama Igoma: Malizia mwanangu usituache hapo.

Binti Sengerema: Samahani nilikuwa na mteja. Hajalewa, nimetoka naye kwao nimekuja naye naongea naye njia nzima, ningejuaje kama tungekuwa tunakimbia kila mtu na pumzi zake? Nikakimbilia kibanda cha jirani nikachukua soda, sikuulizia hata bei, alikuwa bado anaweza kumeza nikamnywesha kidogo kidogo mpaka nusu chupa. Kama robo saa hivi akanitazama akasema kwani tumekaa hapa tunafanya nini? Nilimkumbatia nikalia pale pale watu wanaangalia. Mama wa vitumbua akamletea viwili na chai, akala.

Nesi wa Zamu: Ulifanya sawasawa kabisa mdogo wangu, hapo sukari ilikuwa imemshuka. Wengine mkariri: iwe soda ya sukari ya kweli, zile za bila sukari hazisaidii kitu hapo. Na mtu akishazimia USIMMIMINIE chochote mdomoni, itapalia, kimbiza hospitali. Anayechoma insulini apime sukari kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kwanza. Na asitembee na kandambili, akirudi akague nyayo, kidonda kidogo kwake ni kesi kubwa.

Mzee Ukerewe: Mimi natembea kabla ya kula miaka yote na niko ngangari.

Nesi wa Zamu: Baba shikamoo, wewe huchomi insulini. Kwa wengi wetu hata baada ya kula ni pazuri sana, ukishamaliza ugali na sato usiende kulala, zunguka dakika kumi na tano na mwenzio, misuli inavuta ile sukari.

Rock City Mkali: Binti Sengerema pole sana. Ila kilima bado nakitetea.

Mtoto wa Mwaloni: Barabarani tembeeni kulia mwone gari linalokuja. Na wa kule ufukweni Igombe alfajiri tulieni ndani, viboko wanarudi majini muda huo na hawapishani na mtu.

Mama Butimba: Kuna mtu wa Butimba au Nyegezi anatembea jioni? Nilianza na mume wangu ila ana miguu mirefu, namuongelea mgongo tu.