Je, ni haki huduma za lazima zihamie kwenye simu ya intaneti pekee?

Mpangaji wa Umoja (mwanzilishi wa mada)

Wana Nairobi, swali langu ni moja. Shule, kliniki au ofisi ya serikali ikiamua kwamba mambo yake yote yapitie WhatsApp au tovuti, je, si inamlazimisha mtu kununua simu ya intaneti kwa pesa zake? Mimi nasema inamlazimisha, na si haki.

Kabla hamjaniita mshamba, hii simu ninayoandikia ina intaneti na siku hizi bila ramani sifiki hata Rongai. Sina ugomvi na teknolojia. Ugomvi wangu ni na mlango kuwa mmoja. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati wengi wetu tulikuwa na Nokia 1100 ya tochi, na hadi leo mwenye mulika mwizi, yaani simu ndogo ya tochi isiyo na intaneti, anatuma pesa, analipa karo na kununua tokeni za stima bila bando hata kidogo. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipoanza Oktoba 2024, mtu alijisajili kwa *147#. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haiwezekani.

Mlinzi wa ploti yetu ana mulika mwizi iliyofungwa kwa raba, maana mfuniko wa betri ulipotea kitambo. Mtoto wake na wangu wako darasa moja. Muhula uliopita tarehe ya kufungua shule ilisogezwa mbele, tangazo likawekwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, basi. Yule mtoto alifika langoni na sare yake na begi mgongoni, akarudishwa nyumbani. Nauli ikaenda hivyo. Baba alipouliza akajibiwa, "Tulitangaza kwenye kundi." Angejuaje? SMS moja ingemfikia akiwa palepale kwenye geti lake.

Sensa ya 2019 ilikuta kwamba waliokuwa wakitumia intaneti, kuanzia miaka 3 kwenda juu, ni asilimia 22.6 tu nchi nzima. Najua miaka imepita na Nairobi si Turkana. Lakini pita Mukuru asubuhi wakati watu wa mjengo wanatoka kwenda kazini, uangalie wameshika simu gani.

Muuza nyanya, Marikiti

Ndugu Mpangaji, nakuheshimu, ila hii huruma ya kututetea tubaki na kabambe, hizo simu ndogo za tochi, siitaki. Mara nyingi anayetuhurumia ana simu kubwa mfukoni.

Nilikuwa naletewa nyanya kutoka Loitokitok bila kuziona. Broka ananiapia kwa simu, "Mama, hii ni gredi wani." Lori linafika saa tisa usiku, nafungua kreti: juu zimepangwa nyekundu zinang'aa, chini ni maji. Utamrudishia nani, na lori limeshalipwa? Siku hizi kabla sijatuma hata ndururu namwambia amwage kreti moja kwenye turubai apige video, kuanzia juu hadi chini, asikate. Anayeleta visingizio vya mtandao namjua. Simu imenilinda kuliko broka yeyote.

Nililipia kidogo kidogo kila siku, iliniuma, lakini ikaisha ikawa yangu. Ukitaka kupigania maskini, pigania simu ziwe rahisi, na mlinzi wako naye apate.

Mpangaji wa Umoja

Mama, umeichagua mwenyewe kwa sababu inakulipa. Mlinzi hana lori la nyanya. Anaambiwa anunue ili ajue shule inafunguliwa lini, kitu ambacho zamani alikijua kwa kikaratasi alicholetewa na mtoto.

Fundi wa Luthuli

Mimi nauza na kutengeneza, niko Luthuli Avenue miaka mingi, kwa hiyo niwape upande wa bei.

Mama ana haki kuhusu bei. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa nchini, na VAT ya asilimia 16 bado ipo. Huwezi kusema kwa mdomo mmoja kwamba unataka wananchi wote wawe dijitali, kisha kwa mkono mwingine utoze kifaa chenyewe kama ni manukato. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipofunguliwa Oktoba 2023, simu yake ya intaneti, Neon Smarta, ilitangazwa kwa Sh7,499. Ni hatua, sikatai. Lakini hiyo inazidi kodi ya mwezi ya chumba cha mabati, na hujanunua bando bado.

Za kulipia polepole nazo zina mambo yake. Mpango mkubwa wa Lipa Mdogo Mdogo ulikuja Julai 2020: unaweka Sh1,000, kisha Sh20 kila siku kwa miezi 9. Wengi wamemaliza na wanazo. Siku ukikosa kulipa, simu inajifunga kutoka mbali, na hapo ndipo wateja wangu wanapoanza kuja na sura za kuomba: "Fundi, ifungue tu hii." Sifungui. Kuna wanaofungua, na kuna wanaoziuza vichochoroni zikiwa na deni bado. Mtu ananunua Jumamosi akifurahia bei, Jumatatu skrini inamdai. Ukinunua ya mkono wa pili, bonyeza *#06# uone IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na ya kwenye boksi. Hakuna boksi? Ondoka.

Halafu kuna gharama ambayo hakuna anayekuambia dukani. Simu ya bei ya chini yenye GB 16, mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa kabla hujaweka picha hata moja. Ongeza makundi manne ya WhatsApp na video za "asubuhi njema" za shangazi, baada ya miezi michache imejaa na inakwama. Watu huniletea wakisema imeingia virusi. Naingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, nazima ile ya kupakua picha na video zenyewe, nafuta takataka, naizuia isifanye masasisho kwa bando, na simu inapumua. Ni kazi ya dakika kumi ambayo muuzaji angefanya siku ya kwanza, na hafanyi. Mulika mwizi haina hayo yote. Unaichaji Jumapili, unaikumbuka tena karibu Ijumaa.

Kwa hiyo mimi, muuzaji wa simu, nasema mwacheni mtu anunue akiwa tayari. Anayenunua kwa kulazimishwa hununua mbovu.

Dereva, Eastleigh

Fundi amesahau programu za mikopo. Mtu alikuwa salama na kabambe yake, siku ya kwanza na simu mpya anabonyeza "kubali, kubali", programu inachukua namba zote. Akichelewa siku mbili, anayepigiwa ni mama mkwe. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na kanuni za Benki Kuu zikaja Machi 2022, wakopeshaji hawa sasa wanahitaji leseni. Hata hivyo kabla ya kukopa, angalia programu inaomba ruhusa gani. Ya mkopo inataka orodha ya watu wako ya nini?

Mhudumu wa saiba, Githurai

Mnasahau kundi letu. Asiye na simu ya intaneti hafungiwi nje kabisa, anakuja kwangu. Na hapo ndipo penye hatari ambayo sioni mtu akiitaja.

Chini ya dawati langu kuna daftari. Kila mstari una jina la mteja, namba ya kitambulisho, barua pepe niliyomfungulia mimi, neno la siri la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na la iTax ya kodi. Sikulianzisha kwa ubaya. Wenyewe ndio huniomba: "Niandikie hapo kijana, mimi nitasahau." Na kweli, Juni mwaka unaofuata wanarudi, foleni ya ritani za kodi inafika ngazini, na bila daftari hilo siku ya mwisho, tarehe 30, ingenikuta bado natafuta barua pepe za watu. Wengine wametumia tarehe ya kuzaliwa, wengine jina la mtoto wa kwanza. Mimi nikiamka na roho mbaya, naweza kuingia kwenye mambo ya nusu ya mtaa. Saiba ikiuzwa, daftari linakwenda na meza na printa. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, lakini sijaona aliyekuja kuniuliza daftari linalala wapi.

USSD, zile namba za kubonyeza kama *147# bila intaneti, ikiongezwa kwa kila huduma, mimi napoteza wateja. Bado nasema iongezwe. Mtu akibonyeza mwenyewe na PIN yake, mimi sijui chochote, na nalala vizuri.

Mpangaji wa Umoja

Hili la daftari limenikaa. Tukisema "kila mtu anafikiwa na mtandao", tunamhesabu hadi yule aliyekabidhi kitambulisho chake kwa kijana asiyemjua. Na kumbukeni mwanzoni mwa 2024, wizara ya elimu ilipoagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen, kesi ikafika Mahakama Kuu na agizo likasimamishwa.

Mama wa Zimmerman

Mimi hofu yangu ni nyingine, na msinicheke. Mnara umewekwa juu ya jengo la jirani, nauona nikianika nguo. Watu kwenye ploti wanalalamika vichwa. Mwenye jengo analipwa kodi ya mnara, sisi tunabaki na mawimbi. Sasa mnasema kila mtu awe na simu ya intaneti, si minara itazidi?

Fundi mitambo, Ngara

Hakuna wa kukucheka, mama. Ni swali la haki na nimefanya kazi ya kupanda minara, kwa hiyo nikujibu taratibu.

Mawimbi ya simu ni ya jamii moja na ya redio na televisheni. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Kinachojulikana ni kwamba yakiwa makali sana hupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa chini mno ya hapo. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliyaweka kwenye kundi la 2B, yaani huenda yanasababisha saratani lakini ushahidi ni mdogo. Mwaka 2024 uchambuzi mkubwa wa tafiti ulioagizwa na WHO haukukuta uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo.

Watu wengi hushangaa nikiwaambia hili: kabambe ya 2G inaweza kurusha hadi wati 2 kwa mapigo mafupi, ilhali simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Tena simu hujipimia nguvu. Mnara ukiwa karibu inanong'ona, ukiwa mbali au ukiwa ndani ya ghorofa la chini kabisa inapiga kelele ili isikike. Kwa hiyo mawimbi mengi unayoyapata hutoka kwenye kifaa ulichobandika sikioni, ule mnara mchango wake ni mdogo. Ukiwa na wasiwasi, tumia waya wa masikio au spika, na usipige simu ndefu mahali penye mtandao wa shida.

Kuhusu mwenye jengo, hapo una hoja. Mnara unahitaji kufanyiwa tathmini ya mazingira chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na majirani kuulizwa. Kama hamkuulizwa, andikeni barua, na msiipeleke kwa msingi wa vichwa kuuma. Ipelekeni kwa msingi wa kutoshirikishwa, na kelele na moshi wa jenereta kama ipo.

Mama wa Zimmerman

Ipo. Usiku stima zikipotea hatulali. Asante fundi.

Mwalimu, Kariobangi

Nimewasoma wote, na mwanzilishi ametuchapa walimu vya kutosha. Naomba nijitetee. Tuna wazazi zaidi ya elfu moja. Kila SMS inalipiwa, na ile pesa ya serikali kwa kila mwanafunzi huchelewa hadi tunakopa chaki. WhatsApp kwetu ni bure, na naweza kutuma picha ya kazi ya nyumbani. Mnataka nipate wapi salio la SMS elfu moja kila tangazo?

Mpangaji wa Umoja

Mwalimu, ni bure kwenu kwa kuwa bando ananunua mzazi. Na hakuna aliyesema SMS elfu moja. Mzazi akija kuandikisha mtoto, muulize ana simu gani, uweke alama. Darasa la mwanangu wasio na WhatsApp hawazidi sita, na huenda shule nzima ni wachache kuliko unavyohofia. Hao ndio wapate SMS, na kwa mambo matatu tu: tarehe, pesa na dharura. Picha za kazi ya nyumbani wabaki nazo wenye bando.

Mwalimu, Kariobangi

Orodha naweza kuitengeneza wiki ya kwanza ya muhula, hilo si gumu. Gumu ni nani atakayezituma. Mabadiliko mengi tunaambiwa saa moja jioni, mimi niko kwenye matatu na simu ya shule imefungiwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.

Muuza nyanya, Marikiti

Mpe katibu wa wazazi. Hata mimi bado sikubaliani na Mpangaji kuhusu kabambe, lakini mtoto kurudishwa langoni hapana.

Mpangaji wa Umoja

Katibu wetu alihamia Nakuru mwezi jana, na nafasi haijajazwa. Mkutano wa wazazi ni mwisho wa mwezi. Hadi hapo, mwalimu wa kwetu akikubali kunipa hizo namba chache, nitatuma mimi kwa salio langu. Sitaki daftari lingine la Githurai, kwa hiyo namba tu, bila majina, na mkutano ukishachagua katibu nazifuta mbele yao.