Mrija wa PICC unagoma kupitisha salaini: nitumie sirinji ndogo?

Swali
Habari wakuu. Mgonjwa anaendelea na vankomaisini (antibiotiki) nyumbani kwa mrija wa PICC, ule mwembamba unaoingilia mshipa wa mkono hadi karibu na moyo: gramu 1 ndani ya salaini ml 250. Leo salaini ya kusafishia mrija inapita kwa shida. Sirinji ya ml 10 ni nzito, ya ml 2 inasukuma kirahisi. Niitumie? Na dripu ikikimbia ina madhara?

Jibu la 1
Hapana, ya ml 2 iweke kando kabisa. Sirinji ikiwa nyembamba, kidole kilekile huzaa shinikizo kubwa zaidi. Mrija unaweza kupasuka, au damu iliyoganda ikasukumwa mwilini. Angalia kwanza kama klempu (kibanio cha mrija) imefunguliwa, na kama mrija haujajikunja chini ya bandeji. Abadilishe mkao wa mkono, akohoe, kisha jaribu ile ya ml 10 taratibu. Ikigoma, acha. Dawa isiingie, mpigie nesi leo leo. Hospitali wana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na ukiwahi mrija mara nyingi huokoka.

Mara nyingi chanzo ni kuchelewa kusafisha baada ya dripu kuisha. Safisha kabla ya dawa na mara tu inapoisha: sukuma kidogo, tua, sukuma tena. Kizibo cha mwisho wa mrija, pale unapounganisha sirinji, kisugue kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 15, kikauke chenyewe. Tafadhali usikipulize, pumzi inarudisha vijidudu.

Jibu la 2
Kuhusu mwendo wa dripu: vankomaisini isizidi mg 10 kwa dakika, kwa hiyo gramu 1 haipungui dakika 100. Ukiandikiwa saa 2 na seti yako ya dripu ni ya matone 20 kwa ml, ni kama matone 42 kwa dakika. Hesabu matone upya kila mgonjwa akiinuka au akilala, maana mwendo hubadilika. Ikikimbia, uso na shingo huwa vyekundu, ngozi inawasha, presha inaweza kushuka. Funga klempu, piga simu. Akipumua kwa shida au midomo ikivimba, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali.

Muuliza swali
Asanteni sana. Na akitetemeka kwa baridi baada ya mrija kusafishwa?

Jibu la 1
Hapo shuku vijidudu ndani ya mrija wenyewe, hata kama ngozi pale unapoingilia ni safi. Usiupitishie kitu tena, pima joto, na afike hospitali siku hiyohiyo. Mrija usiung'oe mwenyewe.