Naomba ushauri: mzizi wa neno "maji" katika lugha za Kisamoyedi

Wakuu, habari zenu. Najifunza kuunda upya mizizi ya kale ya lugha za Kisamoyedi za Siberia, nimekwama kwenye "maji". Kikamas ni bü, Kiselkup ni üt. Wataalamu wanayarudisha yote kwenye *wit (nyota ni alama ya umbo la kale lililokisiwa), na ukiitazama vesi, yaani "maji" kwa Kifini, lugha yenye undugu wa mbali na hizi, unaikubali hiyo w. B ya Kikamas ilizuka baadaye, na t imesalia Kiselkup. Hapo sawa.

Shida ni maneno mengine ya Kikamas. Msemaji wake wa mwisho, Klavdiya Plotnikova, alifariki 1989, na lugha ilishachukua maneno mengi ya majirani wa jamii ya Kituruki. Mnatenganishaje mkopo na urithi pale sauti zinapolingana? Kimator nacho, lugha nyingine ya Kisamoyedi iliyokufa, kimebaki kwenye orodha za maneno tu. Nianzie wapi, jamani?