Cayman S na rimu za inchi 20 hapa Tanga: zitakaa au nibaki na 18?

Kijana_Chumbageni aliandika:

Salaam wana jukwaa. Nina Porsche Cayman S ya 2007, usukani wa kulia, imetoka Japani. Imekuja na rimu zake za kiwandani za inchi 18: mbele 8J ET57 (8J ni upana wa rimu wa inchi 8) na tairi 235/40 (upana milimita 235, ubavu asilimia 40 ya upana huo), nyuma 9J ET43 na tairi 265/40. Mbele kushoto nilikuwa najaza upepo kila mara. Fundi alipovua tairi akakuta ufa kwenye mdomo wa ndani wa rimu. Nyuma kulia nako imepinda. Kwa hiyo kununua ni lazima, na nikinunua nataka gari ipendeze, maana gari hili nimelitamani tangu niko shule Usagara.

Mpaka sasa nimepata watu watatu. Wa kwanza ana rimu nne nyeusi za inchi 20 zilizotoka kwenye Cayenne, na tairi zake 275/40. Anasema mashimo ni yaleyale ya 5 kwa 130, zinaingia bila kuchonga kitu. Nimezigeuza nyuma, zote nne zimeandikwa 9J ET60. Wa pili ana rimu za Toyota Crown, nzuri sana, anasema atatoboa mashimo upya yalingane na habu yangu. Wa tatu anasema nisinunue chochote, atachomelea ufa na kuinyoosha iliyopinda.

Matumizi yangu: Chumbageni hadi Pongwe kila siku ya kazi, Muheza kwa wazee, na Dar mara mojamoja. Naomba mwenye ujuzi anishauri, na anieleze pia namna ya kuzifunga. Hapa mtaani kila mtu anakimbilia bunduki ya upepo.

Mtoto_wa_Makorora aliandika:

Mkuu, Cayman kwenye inchi 20 nyeusi ni kitu kingine kabisa. Kama mashimo yanalingana, weka. Matuta utapita taratibu.

Gereji_Ngamiani aliandika:

Kijana, umefanya vizuri kugeuza rimu ukasoma nyuma. Wateja wengi wananiletea picha ya uso wa rimu tu, nami uso hauniambii kitu.

Mashimo kulingana ni mwanzo wa safari tu. 5 kwa 130 ni mashimo matano kwenye duara la milimita 130. Cayman inayo, Cayenne inayo, Touareg inayo, hata Mercedes G inayo. Lakini tundu la katikati la Porsche ni milimita 71.6, na la Mercedes G ni 84.1. Rimu ya G itaingia kwenye boliti zako, ila katikati itaelea, na ukifika mwendo wa barabara kuu usukani utaanza kutetemeka. Za Cayenne tundu lake ni lilelile lako, hapo muuzaji hajakudanganya.

Tatizo liko kwenye ET. Hiyo ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu; namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani zaidi. Nyuma una 9J ET43, na yeye anakupa 9J ET60. Upana ni uleule, kwa hiyo gurudumu zima linazama ndani milimita 17. Gari litaonekana limebana miguu, na ndani unasogelea mikono ya chini na shokapu. Mbele unatoka 8J ET57 kwenda 9J ET60: ukingo wa ndani unaingia karibu milimita 16, na wa nje unatoka karibu 10 kuelekea madigadi. Kata kona ukiwa na mzigo kidogo, utasikia tairi inasugua.

Na hizo tairi za 275/40 R20 zisahau kabisa. Kimo chake ni kama milimita 728. Tairi yako ya nyuma ni 669, ya mbele 645. Zaidi ya hapo, ukifunga nne zinazolingana umeua uwiano wa mbele na nyuma. Mfumo wa PSM, ule wa kuzuia gari lisiteleze, unalinganisha mizunguko ya magurudumu ili utambue kama gari linateleza. Ukibadilisha uwiano huo, unaupa habari za uongo.

Utasema basi nitafute 20 zenye ET sahihi na tairi nyembamba. Hapo ndipo nataka unisikilize, maana barabara zetu nazijua. Ubavu wa 235/40 R18 una milimita 94. Ukienda 235/35 R19 unabaki na 82. Kwenye 20 unashuka hadi 235/30, ubavu wa milimita 70 tu, na baada ya hapo ni chuma. Wewe unapita njia moja na malori ya saruji ya Pongwe. Unajua lami inavyovunjika pembeni, na mvua za masika zikishanyesha shimo limejaa maji hulioni. Safari ya Dar una matuta kuanzia Segera mpaka Chalinze, mengine hayana rangi. Rimu yako imepasuka mdomo wa ndani ukiwa na milimita 94. Sasa unataka kuipunguzia kinga?

Rimu ikiwa kubwa mara nyingi inakuwa nzito pia, na za Cayenne zilibuniwa kubeba gari zito kuliko lako. Uzito ulio chini ya springi ndio mbaya kuliko wote, shokapu inashindwa kuushika na gurudumu linarukaruka kwenye lami mbovu. Cayman injini iko nyuma ya viti, gari limesawazishwa vizuri mno. Ukiliwekea magurudumu mazito umelinyang'anya kile ulichokilipia.

Ushauri wangu: baki 18, vipimo vilevile, tafuta umbo jipya linalokupendeza. Kama moyo hautulii, mwisho wako ni 19: mbele 8J ET57 na 235/35, nyuma 9.5J ET46 na 265/35. Hivyo ni vipimo vya kiwandani vya gari lako, na kimo cha tairi hakibadiliki hata milimita 3. Rimu za mbele za Porsche 911 ya toleo la 997 nazo ni 8J ET57, zinakaa. Za nyuma usichukue, kwa 911 Carrera ya inchi 18 ni 10J ET58, zinahitaji spesa (bamba la kusogeza rimu nje) na boliti ndefu.

Kuhusu kutoboa rimu za Crown, hapana. Crown ni 5 kwa 114.3, mashimo mapya yatakatiza karibu na ya zamani, na nyama inayobaki kati yake ndiyo inayobeba gurudumu. Kuchomelea ufa nako hapana. Aloi ya rimu imepata nguvu kwa kupikwa kwa joto maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea unailainisha kandokando ya ufa, na ufa utarudi palepale ukiwa mwendo wa 100. Nimeshika mkononi rimu ya namna hiyo, imeachana vipande viwili, na mwenye gari alikuwa na watoto ndani. Walisalimika. Sichomelei rimu ya mtu yeyote, awe na pesa kiasi gani. Iliyopinda kidogo bila ufa inaweza kunyooshwa, lakini ipakwe kwanza dawa ya kuonyesha nyufa.

Ukinunua rimu za Japani, tafuta nyuma ya spoki muhuri wa JWL (kiwango cha Japani cha rimu za aloi), na wa VIA (wa kuthibitisha ukaguzi) ukiwepo. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kung'aa na bado ni kuukuu.

Nyumba_Raskazone aliandika:

Kaka, mimi nakaa karibu na bahari, naongeza la chumvi. Usinunue rimu zilizong'arishwa bila vanishi wala zenye kromu. Hewa ya hapa inaingia chini ya kromu, zinaanza kuvimba vipele na kubanduka, kisha upepo unavujia kwenye mdomo. Chukua zilizopakwa rangi na vanishi juu. Ukikwaruza kwenye ukingo wa barabara, palipokwaruzwa papakwe rangi mapema. Zioshe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Zile dawa kali za kuoshea zinakula vanishi.

Kijana_Chumbageni aliandika:

Shikamoo mzee wangu wa Ngamiani, na asante dada. Nimeachana na za Cayenne na za Crown, na aliyetaka kuchomelea nimemkatalia. Nimepata 18 za mbele na nyuma, JWL ipo, rangi ya kijivu. Vitu viwili: gari lina boliti moja tofauti kwenye kila gurudumu na soketi yake siioni. Na boliti nitumie hizi za zamani au zinazokuja na rimu?

Gereji_Ngamiani aliandika:

Marahaba mwanangu. Hiyo boliti ni ya kufuli. Soketi yake huwa kwenye mkoba wa vifaa ulio kwenye buti la mbele, tafuta vizuri kabla hujaruhusu mtu aigongee soketi ya kawaida. Humo humo angalia kama kuna pini ya kuongozea: unaifunga kwenye tundu moja la habu, unaning'iniza rimu juu yake, na rimu haigongi diski. Hili gari halina skrubu za kutokeza kwenye habu za kufungia nati, ni boliti, na bila pini utahangaika.

Boliti za Porsche zina kichwa cha mviringo chini, M14 kwa 1.5. Rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa boliti za koni. Ingiza kidole kwenye tundu la rimu: likiwa kama bakuli, tumia za zamani. Likiwa limenyooka kama faneli, lazima upate za koni za urefu uleule. Ukichanganya, boliti inagusa mstari mwembamba tu, na italegea.

Kabla ya kufunga, sugua kutu ya habu kwa brashi ya waya hadi iwe safi. Kaza boliti zote kwa mkono kwanza, kisha kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa kwenye jeki. Shusha chini, malizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) Nm 130. Bunduki ya upepo isiguse hatua hiyo. Ukishatembea kama kilomita 50, nenda Muheza ukirudi, pitia tuzikague toki tena. Tairi usizibadilishane mbele na nyuma, upana ni tofauti.

Spana ya toki ninayo. Njoo asubuhi, kabla jua halijawa kali, na ulete hizo rimu bila tairi nizipime kwanza.