Blogu yangu ya timu imeganda, nihamie kwenye tetesi za usajili au nibaki na mechi?

Namba Sita

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaoendesha blogu za timu. Mimi ninayo ya timu yangu huu msimu wa tatu, naandika peke yangu, mechi ikiisha tu nakaa kwenye kompyuta naandika ripoti, nani kafunga, dakika ya ngapi, kadi, sub, alama za kila mchezaji, napandisha hewani hata wachezaji hawajamaliza kuoga. Msimu wa kwanza wasomaji walipanda vizuri halafu wakaganda pale pale. Ligi ikisimama kupisha timu za taifa panakuwa kimya, ligi ikiisha ndo kabisa.

Sasa wiki iliyopita nikaandika aya nne za tetesi ya straika mmoja, niliziokota mtandaoni wala sijui zilianzia wapi, zikasomwa kuliko ripoti zangu za miezi miwili ukizijumlisha. Usiku ule nilifurahi sana, ila asubuhi mzee mmoja anayenisoma tangu mwanzo kaniuliza kwenye komenti "hii umeipata wapi?" na sikuwa na la kumjibu, mpaka leo ile komenti iko pale haina jibu na inanikera kila nikiiona. Niende huko kwenye tetesi au kuna njia nyingine? Na picha mnatoa wapi?

Kona Fupi

Namba Sita juhudi unayo, unachoandika ndo watu wanacho tayari. Matokeo yanamfikia mtu kwenye simu kabla hata refa hajapuliza kipenga cha mwisho, magoli kashayaona, ripoti yako inamkuta ameshashiba. Asichokuwa nacho ni jicho la mtu anayeitazama timu hiyo hiyo kila wiki. Mwandishi wa gazeti leo yuko timu hii kesho ile, wewe unayo moja tu na unaijua hadi beki anavyofunga kamba za viatu, huo ndo mtaji wako.

Nikupe mfano wangu. Kipa wetu alikuwa anaanza goli kiki fupi kila mara na mashabiki wanamzomea, na mimi nilikuwa upande wao kabisa. Si unajua tangu sheria ibadilishwe 2019 goli kiki si lazima itoke nje ya boksi, mpira ukipigwa ukasogea tu uko mchezoni, kwa hiyo timu nyingi zikaanza kuwaweka mabeki wa kati humo humo ndani wapokee. Nikachukua daftari nikarudia mechi 6, kila goli kiki naandika fupi au ndefu, kapokea nani, kapokea akiwa ametazama wapi, mpira umepotelea wapi. Jioni tatu zikaisha. Nilichokuta sicho nilichokwenda kutafuta, maana zile fupi zenyewe hazikuwa na shida, tulikuwa tunaumia pale tu beki wa kulia anapoupokea huku amelitazama lango letu, mpinzani anamfungia njia ya ndani, mstari wa pembeni unamfungia nje, anabaki na pasi moja ya kurudi kwa kipa na wenyewe wameshaisoma. Nikasimamisha video, nikachora uwanja na mishale kwa mkono, nikaandika na kukiri kwamba nilimwonea kipa. Ile posti inasomwa mpaka leo, na walioisambaza sana ni mashabiki wa timu pinzani!

Michael Cox wa Zonal Marking, ile blogu ya Kiingereza ya mbinu za soka, alianza 2010 kwa mtindo huo huo, mbinu tu, mechi moja moja, na jina lake likajengeka hapo. Arseblog, blogu ya Arsenal ya Andrew Mangan, ipo tangu 2002 na yeye nguvu yake nyingine ni kwamba watu wake wamezoea kuamka wakaikuta. Wewe huwezi kila siku maana uko peke yako, basi chagua siku moja, ukisema Jumanne iwe Jumanne hata kama mmefungwa tano.

Winga wa Kushoto

Nakubaliana na Kona Fupi ila msimkataze tetesi kabisa. Dirisha la usajili likiwa wazi mashabiki hawawazi kitu kingine na siyo dhambi, ni matumaini yao yale. Kosa ni kuandika kama vile una uhakika. Mimi naandika habari ilianza kwa nani, mchezaji mkataba wake umebaki muda gani kama umetangazwa, halafu sehemu kubwa naeleza akija atacheza wapi na nani atakaa benchi, hiyo sehemu haiozi hata dili likifa. Dirisha likifungwa naweka orodha ya tetesi zote nilizogusa, ipi ilitimia ipi ilikuwa hewa. Watu wanaisubiri hiyo kuliko tetesi zenyewe.

Halafu kuna pesa za klabu, watu wengi wanaogopa namba. Kuna mwanablogu anajiita Swiss Ramble, amejipatia wasomaji dunia nzima kwa kusoma mahesabu ya klabu tu. Kama timu yako ni ya Uingereza mahesabu yako bure Companies House, msajili wa kampuni wa huko, fungua usome ukurasa wa mishahara na wa madeni, ndo utajua kwa nini huyo straika haji.

Dakika ya 90

Kwenye picha kuwa makini sana ndugu yangu. Nilikuwa natoa tu kwenye utafutaji wa Google, nikapata barua ya madai kutoka kwa wakala wa picha kwa ajili ya picha moja ya kushangilia goli niliyoiweka zamani hata nimeisahau, nililipa na iliniuma. Kuandika "picha kwa hisani ya intaneti" hakukulindi. Tumia Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha zenye leseni huria, soma leseni ya kila picha, nyingi zinataka umtaje mpigaji na leseni yenyewe. Ukiwa uwanjani piga zako, hata ya jukwaa au nyavu, zina uhai kuliko unavyodhani. Nembo ya klabu usiifanye ya kwako, ni alama ya biashara, na andika wazi kwamba blogu siyo rasmi.

Kunakili ratiba ya mechi ni habari nyingine. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya mahakama yao ya juu iliamua tarehe 1 Machi 2012, kesi ya Football Dataco na Yahoo, kwamba jasho la kupanga ratiba peke yake haliipi hakimiliki, mpaka kuwe na ubunifu kwenye kuchagua au kuipanga hiyo data. Kwingine angalia sheria ya huko.

Jezi ya Zamani

Nimesoma wote na naona mmempita yule mzee. Namba Sita huyo ndo dawa ya ukimya wako wa mwisho wa msimu! Mwandikie, muulize mechi ya kwanza aliyokwenda, alikaa upande gani, alirudi nyumbani na nani. Nilifanya hivyo kwa msomaji wangu mmoja akanitumia kipande cha tiketi, kingo zimelika na nyuma kaandika kikosi kwa penseli, jina la winga kalikata kaandika lingine juu kwa sababu yule wa kwanza aliumia wakati wa kupasha. Gazeti lipi lina hiyo? Tarehe na matokeo hakiki RSSSF, tovuti ya takwimu za soka, wanakusanya tangu 1994, kumbukumbu za watu huchanganya misimu. Posti za hivyo mtu anazitafuta mwezi wowote, hazingoji mechi.

Namba Sita

Asanteni sana wakuu, kweli nilikuwa nashindana na simu za watu. Nimemjibu mzee sasa hivi, nimemwambia ukweli kwamba sikuwa na chanzo na nimeandika hivyo juu kabisa ya ile posti. Picha nazipitia usiku huu nifute zote za kuokota. Kona Fupi swali moja, kuchora ile mishale unatumia programu gani?

Kona Fupi

Karatasi na kalamu ya wino mweusi, napiga picha na simu mchana karibu na dirisha. Anza na hivyo.

Namba Sita

Mzee kajibu. Anasema mechi yake ya kwanza alibebwa mabegani na kaka yake na hakuona goli hata moja, alisikia tu kelele. Jumanne naanza na hiyo.