Miwani ya VR isiyohitaji kompyuta: ninunue kwa ajili ya gemu au nichukue PS4?

Mwana_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaovijua hivi vitu.

Bajeti ni milioni moja na laki mbili. Nipo Uyole, Mbeya, chumba futi kumi kwa kumi, ndani kuna kitanda cha tano kwa sita, kabati na meza ndogo. Laptopu niliyo nayo ni ya kazi za ofisini. Nafikiria Quest 3S mpya, miwani ya VR ya kampuni ya Meta inayokuweka ndani ya gemu, ila kuna mtu Mwanjelwa anauza Quest 2 iliyotumika kwa laki nne na nusu. Kwenye simu nacheza mpira na gemu za bunduki. Intaneti yangu ni bando. Hela hii iende kwenye VR, au PS4 iliyotumika na TV?

Fundi_Mafiati

Mkuu, anza na gemu, kifaa kitafuata. Mpira unaoucheza kwa simu, wa kuongoza timu nzima ukiwa unaangalia kutoka juu, kwenye Quest haupo. EA Sports FC, ile gemu ya mpira, haina toleo la Quest. Utakachopata ni gemu za kudaka kama golikipa au kupiga vichwa, nzuri kwa mazoezi lakini si ligi ya mtaani. Kama muda wako mwingi ni mpira na washkaji wawili watatu, chukua PS4 na padi mbili, usijitese. Miwani anavaa mtu mmoja, wengine wanakodolea.

Gemu za bunduki ni habari nyingine kabisa. Magazini unaichomoa kiunoni kwa mkono wako, unaipachika, unavuta koki, ukitaka kuchungulia kona unainamisha mwili. Hakuna simu wala PS4 ya kawaida inayokupa hilo. Beat Saber nayo, ile ya kukata vibao kwa kufuata mdundo, inatumia mikono zaidi kuliko miguu, kwa hiyo haidai eneo kubwa.

Sasa chumba. Futi kumi ni kama mita 3.05. Kitanda kikibanwa ukutani kinabaki kipande cha mita moja na nusu kwa mita tatu, na kabati bado halijachukua sehemu yake. Kwa gemu za kutembea chumbani Meta wanapendekeza uwazi wa mita 2 kwa 2. Huna. Utatumia mpaka wa kusimama sehemu moja, ambao ni duara dogo kukuzunguka, na gemu nyingi zinaukubali. Jipime leo bila kununua kitu: simama katikati, nyoosha mikono yote miwili, zunguka taratibu. Ukibakiza shibiri moja kila upande, inatosha kwa Beat Saber. Inua mikono pia, taa inayoning'inia inaweza kuvunjwa na padi unazoshika mikononi. Chini tandika zulia dogo la mlangoni. Mguu ukigusa ukingo wake, umeshajua umehama katikati.

Usije ukasema utachezea uani kwa sababu chumba ni kidogo. Jua likipita kwenye lenzi hata kwa sekunde chache linaunguza skrini, kama kioo cha kukuza kinavyochoma karatasi, na doa hilo halitoki. Hata mezani, usiiache ikitazama dirisha la jua la asubuhi.

Kamwene_Gangilonga

Naongeza machache ya huku kwetu kwenye baridi.

Juni na Julai lenzi zinaingia ukungu, kwa sababu uso una joto na lenzi ni za baridi. Washa miwani, iache dakika tano hadi kumi ipate joto lake ndipo uvae. Usifute kwa spiriti wala kitambaa chenye maji. Lenzi ni za plastiki, tumia kitambaa kikavu laini cha miwani, na wakati wa vumbi puliza kwanza ndipo ufute, la sivyo unakwangua.

Taa ya chumba lazima iwake. Kamera za miwani ndizo zinazosoma ulipo, na gizani zinaweza kupotea: mikono inaelea, mpaka unahama. Kioo kikubwa cha kabati nacho kinazichanganya, kifunike shuka.

Na usiuziwe kile kibox cha kuweka simu ndani ukaambiwa ni VR ileile. Kile kinajua kichwa kimegeukia wapi tu. Ukisogea mbele, ukichuchumaa, hakijui chochote.

Mtaalamu_Makambako

Kuhusu Quest 2 ya laki nne na nusu: si mbaya, ila ijue ilivyo. Ilitoka 2020, ina RAM ya GB 6 na prosesa ya kizazi cha kwanza cha XR2. Quest 3S ya 2024 ina GB 8 na prosesa ileile ya Quest 3. Skrini za Quest 2 na 3S zina idadi sawa ya nukta, 1832 × 1920 kila jicho, kwa hiyo usitegemee 3S ikuonyeshe maandishi makali sana. Unacholipia ni nguvu, na kuona chumba chako kwa rangi badala ya kijivu. Tena gemu mpya zimeanza kuiacha Quest 2, mfano Batman: Arkham Shadow inataka 3 au 3S. Muuzaji akikuletea Quest ya kwanza, nyeusi yenye kitambaa ubavuni, ikatae hata kwa laki mbili. Masasisho yake ya usalama yaliisha Agosti 2024.

Ukienda kuikagua fuata mpangilio huu. Fungua kivinjari, weka ukurasa mweupe mtupu, funga jicho moja, zungusha macho mpaka pembeni, kisha jicho la pili. Vidoa vya njano au vyeusi ni jua hilo alilosema Fundi. Baada ya hapo achia vijiti vya padi kwenye menyu, mshale ukitembea wenyewe kijiti kimechoka. Chomeka chaja uyumbishe waya kidogo uone kama chaji inakatika. Mwisho, mwenye mali aiondoe kwenye akaunti yake, azime, ashike kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti mpaka menyu itokee, afute kila kitu mbele yako. Hela usitoe kabla hujaiunganisha na simu yako kwa akaunti yako. Muuzaji anayesema "nitaifuta baadaye" huenda si mwenye mali.

Kwa 3S mpya, bei ya Marekani ilipotoka ilikuwa dola 299.99 kwa GB 128, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Tenga na hela ya gemu, Beat Saber peke yake ni dola 29.99. Hakikisha mapema kwamba kadi yako ya benki inakubaliwa kwenye duka la mtandaoni la Meta. Gemu isipokupendeza unaweza kuomba kurudishiwa hela ndani ya siku 14, mradi hujaicheza kwa saa 2.

Mwana_Uyole

Ndaga fijo wakuu, nimepata mwanga. Mpira kumbe nilikuwa najidanganya, lakini za bunduki ndizo ninazozipenda zaidi. Yamebaki matatu: bando, umeme kukatika, na nasikia watu wanatapika.

Fundi_Mafiati

Bando linaliwa siku ya kwanza na siku ya kupakua gemu. Gemu ndogo ni GB moja mbili, kubwa zinaweza kufika GB 30 hivi, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku kupitia hotspot ya simu. Ikishaingia, nyingi za mchezaji mmoja zinacheza bila intaneti. Kuunganisha na laptopu yako sahau, bila kadi ya picha ya kujitegemea haitasukuma.

Umeme: 3S inakaa kama saa mbili na nusu, Quest 2 saa mbili hadi tatu. Pawabenki ya mAh 10,000 mfukoni na waya wa mita mbili inakuongezea chaji moja nzima na zaidi kidogo. Chaja ikija na plagi bapa ya Marekani, soma kama imeandikwa 100–240V ndipo utafute adapta. Kila padi inakula betri moja ya AA. Zile za bei rahisi za redio zinaisha haraka na zinavuja, nunua nne za kuchaji, mbili ndani mbili kwenye chaja.

Kichefuchefu kinatokea macho yakiona unatembea wakati sikio la ndani linasema umesimama. Kwenye mipangilio ya gemu chagua kuhama kwa kuruka badala ya kuteleza, na kugeuka kwa hatua. Wiki ya kwanza cheza dakika 10 hadi 15. Ukihisi jasho la baridi vua papo hapo, kuvumilia kunaufundisha mwili kuichukia miwani.

Mtaalamu_Makambako

Kichefuchefu kingine ni cha lenzi zisizolingana na macho. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, weka rula juu ya pua. Funga jicho la kulia, pangilia sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kutikisa kichwa, funga la kushoto, soma milimita kwenye mboni ya kulia. Lenzi za Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Ukipata 62 au 64 uko salama. Ukizidi 70, jaribu kwanza kwa dakika kumi kabla ya kulipa, kwa sababu picha inaweza kubaki na ukungu pembeni hata ufanyeje. Quest 3 ndiyo yenye gurudumu la kurekebisha mpaka 71.

Mwana_Uyole

Nimepima sasa hivi, 63. Mikono nayo imezunguka bila kugusa kabati. Jumamosi naenda Mwanjelwa kuiona hiyo Quest 2.

Mtaalamu_Makambako

Nenda na betri zako mbili za AA na simu yenye chaji na bando, programu ya Meta Horizon ikiwa imeshapakuliwa na akaunti imeshafunguliwa. Wauzaji wengi huleta padi zisizo na betri, na bila betri huwezi kukagua vijiti.